Mwale Unaomwagika Nje ya Skrini: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Hospitali Zetu

Kwa Waganga Wafawidhi, Makatibu wa Afya, wakuu wa thieta, na kila anayesaini bajeti ya idara ya radiolojia.

Yah: Saa moja kila mwezi ya kupima mwale wa C-arm

Ndugu viongozi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtaalamu wa mionzi katika hospitali ya mkoa, Tanzania Bara. Nimevaa aproni ya madini ya risasi kwa miaka 11 sasa. Haya ninayoyaandika nimeshayasema kwenye kikao cha asubuhi, nimeyaandika kwenye kitabu cha hitilafu, na nimemweleza mhandisi wa vifaa tiba zaidi ya mara moja. Nayaleta hadharani kwa sababu siamini kwamba hospitali yetu iko peke yake, na kwa sababu ninachokiomba kimo ndani ya uwezo wenu. Siombi mashine mpya.

Nianze na Ijumaa moja. Tulikuwa na kijana wa bodaboda aliyevunjika paja. Daktari wa mifupa alikuwa anapitisha nondo ndani ya mfupa, nami niko kwenye C-arm, ile mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda kama herufi C: tyubu inayotoa mwale chini ya kitanda, kipokezi cha picha juu, monita mbili pembeni. Alipofika kwenye skrubu za chini akaniomba nibane picha. Nikafunga vilango vya kolimeta, vile vya risasi vinavyopunguza upana wa mwale. Kilango cha upande mmoja kikaingia kwenye picha mara moja. Cha upande aliosimama daktari kikachelewa. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, ndipo ukingo wake mweusi ukajitokeza. Picha yenyewe ilikuwa safi. Hakuna mwingine mle ndani aliyeona kitu, wala hakuwa na sababu ya kuona. Mimi usingizi ulinipaa.

Kilango kinachochelewa kuingia kwenye picha maana yake kilikuwa mbali na picha. Na kama kilikuwa mbali, basi mwale wa upande ule ulikuwa umevuka ukingo wa kipokezi na kumwagika nje, mahali ambapo skrini haifiki.

Jumamosi thieta haikuwa na orodha. Nilikata kadibodi kwenye boksi la dripu, nikaibandika kwa plasta usoni mwa kipokezi. Nikachukua sarafu nne za shilingi 200. Nikawa nabonyeza pedali sekunde moja moja, nasogeza sarafu, natoka, naangalia, mpaka kila sarafu ikakaa nusu ndani ya picha na nusu nje: juu, chini, kulia, kushoto. Hapo sarafu zangu zikawa zimeniwekea alama ya pale picha inapoishia. Nikaziacha palepale, nikachomeka kaseti ya eksirei, lile bapa linalonasa picha, ya sentimita 35 kwa 43, nyuma ya kadibodi, nikapiga mara moja kwa kipimo kidogo cha mkono, nikaenda kuisoma kaseti.

Kwenye kaseti sarafu tatu zilionekana nzima, ya nne ilionekana nusu. Hilo peke yake ni jibu, maana sarafu hizo tatu skrini ilizionyesha nusu, kumbe mwale ulikuwa unazipiga nzima na kwenda zaidi. Skrini yetu hupokea duara la sentimita 23. Mwale ulikuwa duara la sentimita 26.5, tena haukukaa katikati. Upande mmoja ukingo wa mwale na ukingo wa picha vilikutana vizuri. Upande wa daktari mwale ulizidi kwa sentimita 3.5. Kichwani na miguuni ulizidi kwa sentimita moja na nusu na ushee kila upande.

Najua sentimita 3.5 zikisomwa kwenye ripoti hazimshtui mtu. Pigeni hesabu ya eneo. Duara la 23 lina sentimita za mraba 415 hivi. Duara la 26.5 lina 551. Robo ya mwale wote uliokuwa unatoka kwenye tyubu haikuchangia hata nukta moja ya picha. Ilikuwa inampiga mgonjwa, na pale ambapo mgonjwa hayupo, ilikuwa inapita.

Naomba mbaki nami hapa kidogo, maana hapa ndipo penye uzito.

Paja la mtu mzima halijazi picha ya sentimita 23. Pembeni yake hubaki hewa. Mwale unaopita kwenye paja hutoka upande wa pili umedhoofika sana, kwa kuwa nyama na mfupa vimeumeza. Mwale uliomwagika pembeni haukupita kwenye paja. Unapanda kutoka chini ya kitanda ukiwa na nguvu zake zote. Na palepale pembeni ya paja ndipo daktari anaposhikilia kifaa cha kulengea skrubu.

Madaktari wa mifupa wana kawaida moja ambayo nimeiona kwa kila niliyefanya naye kazi. Wanatumia skrini kama mlinzi. Wakiona vidole vyao kwenye picha, wanavivuta haraka. Wasipoviona, wanajua wako salama, wanaendelea. Ni kawaida nzuri, na mashine iliyolingana inaifanya iwe ya kweli. Mashine yetu ilikuwa inawadanganya. Mkono ulikuwa nje ya picha na ndani ya mwale kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuwa na namna ya kujua, kwa sababu skrini huonyesha kile tu kilichofika kwenye kipokezi. Kilichopotoka njiani hakina pa kuonekana.

Ndiyo maana nasikitika kila ninaposikia neno ambalo nimeshaambiwa na mafundi, na wakati mwingine na viongozi: "Picha si inaonekana vizuri, shida iko wapi?" Picha nzuri inathibitisha kwamba mwale umefika kwenye kipokezi. Haisemi kitu kuhusu mwale umeishia wapi. Bomba linaweza kujaza ndoo huku linamwaga sakafuni, na ukiangalia ndani ya ndoo tu hutajua.

Kuna pia mionzi inayotawanyika. Mgonjwa akipigwa na mwale, mwili wake nao hurusha mionzi kila upande, na hiyo ndiyo inayotufikia sisi tuliosimama pembeni. Kanuni ya kazi tuliyofundishwa ni kwamba kwa mwale wenye eneo la sentimita za mraba 400, mtu aliyesimama mita moja hupata karibu sehemu moja ya elfu ya kile kinachoingia kwenye ngozi ya mgonjwa. Eneo likiongezeka, mtawanyiko nao huongezeka. Na mtawanyiko huohuo hurudi kwenye kipokezi na kuifanya picha iwe na ukungu. Daktari akashindwa kuona ncha ya skrubu, akaomba apigiwe tena. Kwa hiyo hata anayejali picha peke yake ana sababu ya kutaka mwale ubanwe.

Aproni inatukinga kifua, tumbo na nyonga. Haifuniki macho wala mikono. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilishusha kikomo cha lenzi ya jicho kwa mfanyakazi kutoka milisivati (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 150 kwa mwaka hadi 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, baada ya ushahidi kuonyesha kwamba mtoto wa jicho huletwa na kiasi kidogo cha mionzi kuliko tulivyodhani. Beji ya kupimia mionzi ninayovaa imekaa kifuani. Jicho la sista anayeshikilia mguu wa mgonjwa halina beji. Vidole vya daktari havina pete ya kupimia. Tukisema kwamba beji zetu zimerudi zikiwa sawa, tumesema habari za vifua vyetu.

Tangu mwanzo wa kazi hii mikono ndiyo imekuwa ya kwanza kulipa. Röntgen aligundua mionzi hii Novemba 1895. Katika karakana ya Edison kule Marekani, Clarence Dally alikuwa akiweka mikono yake kwenye mwale siku baada ya siku wakati wa majaribio ya fluroskopi, yaani eksirei inayoonyesha picha papo hapo. Ngozi ikaungua, vidonda vikawa saratani, akakatwa mikono yote miwili, na mwaka 1904 akafariki. Edison mwenyewe akaachana na kazi ya eksirei. Mashine za leo ni salama mno kuliko zile, na simtishi mtu kwamba yatatukuta ya Dally. Lakini usalama huo wote umesimama juu ya jambo moja, kwamba mwale unakwenda ulikoelekezwa.

Mtauliza mashine iliharibikaje. Jibu nadhani ni kizingiti. Kutoka thieta namba moja kwenda namba mbili kulikuwa na ukingo wa vigae ulionyanyuka kama kimo cha kidole gumba, na C-arm ina uzito wa mamia ya kilo. Kila siku tulikuwa tunaisukuma, inaruka, inatua. Kichwa cha kipokezi kilikuwa na alama ya rangi ya fremu ya mlango. Mkono ule mrefu unashikilia tyubu ncha moja na kipokezi ncha nyingine; ukitikiswa hivyo miezi na miezi, boliti hulegea na ncha moja ikaacha kuitazama nyingine sawasawa. Kolimeta nayo ina mota ndogo zinazofungua na kufunga, na zenyewe huzoea vibaya kadiri zinavyozeeka. Ile siku niliyoeleza habari ya kizingiti, fundi wa majengo alikilainisha kwa saruji ndani ya nusu siku. Namshukuru mpaka leo.

Mashine yenyewe ilichukua miezi minne. Mkataba wa matengenezo ulikuwa umeisha, barua ilizunguka, fundi akasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Ndani ya miezi hiyo sikukubali kuiacha wazi: kila nilipoitumia nilibana vilango mpaka kingo zake zionekane pande zote kwenye monita, hata kama daktari alinung'unika kwamba picha imekuwa ndogo. Fundi alipofika, alifungua kava, akalinganisha, akakaza. Haikufika saa moja. Miezi minne kwa kazi ya chini ya saa moja, na wagonjwa kila wiki.

Kuhusu kipimo cha kukubalika na kutokubalika, hatuhitaji kubuni. Kanuni ya siku nyingi ya Marekani kwa mashine za aina hii inasema mwale usizidi eneo linaloonekana kwa zaidi ya asilimia 3 ya umbali kutoka tyubu hadi kipokezi, kwa urefu au kwa upana, na ziada zote mbili zikijumlishwa zisipite asilimia 4. Umbali wetu ni sentimita 100 hivi, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: sentimita 3, na jumla 4. Yetu ilizidi 3.5 kwa upana na zaidi ya 3 kwa urefu. Ilikuwa imeanguka kwenye vipimo vyote.

Hapa nyumbani tuna Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003, tuna Tume ya Nguvu za Atomu, inayotoa leseni na kufanya ukaguzi. Kazi yao naiheshimu, nimejifunza mengi kwa kuwaangalia wakipima. Lakini mkaguzi hupima mashine siku aliyokuja. Mashine yenye magurudumu inaweza kugonga mlango kesho yake. Baina ya ukaguzi mmoja na mwingine, wenye mashine ni sisi, na leseni iliyobandikwa ukutani haiwezi kutupimia.

Sasa niseme ninachokiomba.

Naomba saa moja kila mwezi ambayo C-arm imeandikwa kwenye ratiba ya thieta kama iko kwenye kipimo, kama vile mgonjwa anavyoandikwa, na hakuna wa kuifuta isipokuwa kwa dharura. Bila kuandikwa haitatokea. Nimejaribu "tukipata nafasi" kwa miaka, na nafasi haipatikani, kwa sababu wagonjwa wa ajali hawaishi na sisi tuko watu watatu. Katika saa hiyo tutapima upana wa mwale kwa kaseti kama nilivyoeleza, kwa kila ukubwa wa picha ambao mashine inao. Hili la mwisho ni muhimu: kwenye mashine yetu ukivuta picha kutoka sentimita 23 kwenda 15, kolimeta inatakiwa ijibane yenyewe ifuate. Nimewahi kuona iliyobaki wazi vilevile, picha inakuwa kubwa na nzuri, na mwale unampiga mgonjwa eneo zaidi ya mara mbili ya linaloonekana.

Naomba pia kile kifaa cha kupimia wima wa mwale. Ni silinda ya plastiki yenye kimo cha sentimita 15, ina gololi ndogo ya chuma katikati juu na nyingine katikati chini. Ukiiweka sawa ukapiga picha, gololi zikifunikana mwale umesimama wima. Zikipishana, maduara yaliyochorwa kwenye sahani yake yanakuambia kama umeinama nyuzi 1.5 au 3. Hakina betri, hakina programu, hakiishi muda. Kwa daktari anayetafuta tundu la nondo ili apitishe skrubu, tofauti hiyo si ndogo: tundu huonekana duara kamili pale tu mwale unapopita sambamba nalo, na kila jaribio la kulitafuta ni sekunde nyingine za mionzi.

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, dakika moja inatosha kwa jambo jepesi zaidi: kubana vilango kidogo na kuona kwamba kingo zake zinaingia kwenye picha kutoka pande zote kwa pamoja. Hili halihitaji ruhusa yenu, na wenzangu wa idara nyingine mkisoma hapa nawaomba muanze kesho. Usipoona ukingo wa kilango popote kwenye skrini, hujui mwale wako unaishia wapi.

Lakini lipo ambalo ni lenu peke yenu. Anayepima awe na mamlaka ya kusimamisha. Mwaka ule niliandika kwenye kitabu kwamba mashine haifai kutumika ikiwa wazi, na Jumatatu orodha ikaendelea kama kawaida, kwa sababu kitabu kile hakikuwa na mtu aliyelazimika kukisoma. Nisingependa thieta ifungwe kwa neno langu. Nataka kuwepo na mtu mmoja aliyeteuliwa kwa barua, msimamizi wa usalama wa mionzi, ambaye akiandika "isitumike" au "itumike ikiwa imebanwa", daktari bingwa na mkuu wa thieta wanapokea nakala siku hiyohiyo na wanatakiwa wasaini.

Na mkiandika mikataba ya matengenezo, ongezeni sentensi moja: kila tyubu, kipokezi au kolimeta ikiguswa, fundi asiondoke kabla ya kupima ulinganifu wa mwale mbele ya mtaalamu wa mionzi wa hospitali, na picha ya kipimo ibaki kwetu. Vivyo hivyo siku ya kupokea mashine mpya. Nimehudhuria mapokezi ambapo tulipiga makofi, tukakata utepe, tukapiga picha ya pamoja mbele ya mashine, na hakuna aliyeweka kaseti hata moja kwenye kipokezi. Picha ya kwanza ya kipimo, ile ya siku mashine ilipokuwa mpya, ndiyo tunayoilinganisha na nyingine zote kwa miaka inayofuata. Ikikosekana siku hiyo, haipatikani tena.

Nitajibiwa kwamba saa moja ya thieta ni mgonjwa mmoja wa mfupa aliyesogezwa mbele. Ni kweli, na ninawajua wagonjwa hao kwa majina. Ndugu zao wananisubiri mlangoni. Naomba tu nanyi mhesabu upande wa pili. Kila mgonjwa anayepita kwenye mashine isiyolingana hupata mionzi isiyomfaa kitu. Mtoto anayenyooshwa kiwiko ni mdogo, mwale uliozidi kwa sentimita tatu humfika kifuani. Mama mwenye nyonga iliyovunjika hupigwa na upande wa pili ambao hauna shida. Na watumishi wale wale wanasimama pale kila wiki. Sista mmoja wa thieta yetu alikuwa mjamzito katika ile miezi minne. Alinieleza alipokuwa na wiki kumi na mbili. Tulimhamishia wodini siku hiyo, na mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Lakini aliponiuliza, "Kaka, kabla ya hapo nilikuwa nasimama upande gani?" nilifahamu ni upande gani, lakini sikuwa na kipimo cha kumwonyesha ni tangu lini, kwa sababu kabla ya Jumamosi ile sisi wenyewe hatukuwa tumeipima mashine tangu ilipoletwa.

Sasa inapimwa. Mganga Mfawidhi wetu wa sasa alikubali tuanze kwa majaribio, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja na nusu asubuhi, bila bajeti. Kadibodi ya boksi la dripu ipo nyuma ya mlango wa chumba cha kusomea kaseti, sarafu nne zimebandikwa juu yake kwa plasta, na tarehe za vipimo saba zimeandikwa pembeni kwa kalamu ya wino. Kipimo cha tano kilionyesha mwale umeanza kusogea tena, sentimita moja, upande uleule. Fundi alipigiwa simu Jumatatu.

Hospitali yoyote inayotaka kuona jinsi tunavyofanya, mlango uko wazi Jumamosi hiyo. Njooni na kaseti yenu.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa mionzi, hospitali ya mkoa